Dhamana ya Kurasa Mbili

Nyumba yangu inavuja. Msimu mzima wa mvua nilikana jambo hilo mbele ya majirani, mbele ya mafundi waliopita wakiuliza kama kuna kazi, na mara moja mbele ya padre aliyekuja kuibariki nyumba, nikimwelekeza asimame upande mwingine wa chumba.

Niliinunua Agosti, nje kidogo ya Kashaulili, wakati ambao Mpanda ni vumbi tupu na hakuna paa lenye kosa. Wifi yangu, anayekaa ng'ambo ya uzio, alinionya: "Wifi, nyumba hainunuliwi kiangazi. Ngoja japo mvua moja." Nikamjibu kwamba sihitaji mvua, mimi nitakuwa na dhamana.

Muuzaji, mzee mstaafu aliyekuwa anahamia Inyonga kufuga nyuki, alikuwa na dhamana yake tayari. Alinitembeza vyumba vyote, akafunga mlango wa mwisho, akasema, "Mwanangu, kukiwa na kitu, nipigie. Nitakuja."

Nilitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekaa chuo kikuu. Kisha nikajifungia siku tatu nikaandika kurasa mbili. Paa, kuta, milango, shimo la choo, vyote vilikuwamo. Kifungu nilichokipenda kuliko vingine kilisema kwamba muuzaji atatengeneza kwa gharama zake kasoro yoyote itakayojitokeza baada ya mauziano, hadi mvua za msimu wa kwanza zitakapokatika.

Mzee alikisoma polepole. "Baada ya mauziano?" aliuliza.

"Baada," nikasema, nikidhani ananijaribu.

Akasaini. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Wifi alisaini kama shahidi, akauliza kama karatasi hiyo inazuia maji.

Kwenye sakafu ya chumba cha nyuma kulikuwa na alama ya duara, saruji iliyopauka. Nilidhani paliwahi kukaa mtungi. Nilipapenda, nikawaambia watu zaidi ya mmoja kwamba nyumba ile ina historia.

Mvua ya kwanza ilipokuja, tone liliangukia katikati ya duara. Nikaenda kuazima beseni kwa wifi, nikasema naloweka maharage. Lilikaa ndani ya ile alama sawasawa, kama kifuniko kwenye sufuria yake. Hata hapo sikuelewa. Niliona nina bahati na mabeseni.

Ningeweza kuita fundi. Lakini fundi wa paa hupanda juu ya paa, na aliye juu ya paa anaonekana na wifi. Kumpigia mzee nako ni kukiri. Kwa hiyo niliendelea kumwaga maji asubuhi na jioni, mpaka mama yangu aliposema anakuja kutoka Karema kuishi nami moja kwa moja. Magoti yake yamekataa mteremko wa kwenda ziwani. Chumba cha nyuma ndicho pekee kilicho karibu na choo. Angefika Jumamosi, na mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, pamoja na dhamana yangu.

Jumatatu ya wiki hiyo wifi alikuja kufuata beseni lake, bila hodi. Akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akatazama chini, akatazama juu.

"Wifi, haya maharage unayamwagilia kutoka darini?"

"Ni unyevu tu."

"Unyevu unaodondoka! Msomi wetu. Na mama atalala wapi, kwenye beseni?"

Nililisogeza beseni kidogo kwa mguu.

"Ile karatasi yako iko wapi?"

"Ipo."

"Basi mtandikie." Akachukua simu yangu mezani, akanipa. "Piga. Weka sauti kubwa, nisikie."

Mzee alipokea mara ya tatu. Huko porini mtandao unakuja ukijisikia. Nikamwamkia, nikawaulizia nyuki, kisha nikamsomea kifungu chote, kwa sauti niliyodhani hutumika mahakamani.

"Chumba cha nyuma?" akauliza.

"Ndiyo."

"Usawa wa dirisha?"

"Ndiyo."

"Ahaa. Hilo halikujitokeza baada, mwanangu. Hilo nimeishi nalo miaka. Ndiyo maana siku ile nilikuuliza, ukasema baada. Kwa karatasi yako, mimi simo."

Wifi alikaa sakafuni, akajiziba mdomo kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikaupekua ukurasa wa pili, nikaugeuza nyuma. Hapakuwa na kitu. "Mzee," nikasema, "paa linavuja, na mama yangu anakuja Jumamosi."

"Sasa hapo umeongea. Kabla ya karatasi, mimi nilikwambia nini?"

"Kukiwa na kitu, nipigie."

"Si umepiga? Alhamisi nipo hapo na bati. Beseni msilitoe kwanza."