Nilivyoitayarisha boti yangu baada ya joto, na jinsi ilivyozima uani dakika ya kumi na nane

Wakuu, salaam kutoka Maskati.

Hii nnayoandika imenitokea mwenyewe, mwanzo wa baridi hii. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi si fundi. Nimefanya kazi ya ofisini maisha yangu yote. Mambo ya mashine nimejifunza ukubwani, kwa kusoma kitabu kinachokuja na mashine na kutazama video, nikiandika kila kitu kwenye daftari. Nina boti ndogo ya faiba, inaingia watu sita, mashine moja nyuma.

Huku kwetu boti haipumziki wakati wa baridi. Inapumzika wakati wa joto. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hakuna mtu mwenye akili anayewapeleka watoto baharini saa sita mchana. Kwa hiyo inakaa uani juu ya trela, imefunikwa turubai, na mwezi wa kumi ndiyo tunaanza kuitayarisha upya.

Sasa shida yangu.

Msimu uliopita mashine ilichemka tukiwa baharini, mbele ya pwani ya Bustan, ikazima. Mimi, mke wangu Zuwena na watoto watatu. Tulikaa juani kiasi cha masaa mawili, mdogo analia, mpaka wavuvi wakatufunga kamba wakatuvuta. Kosa lilikuwa langu. Pampu ya maji ya kupozea mashine ilikuwa imekwisha na sikuwahi kuifungua.

Zuwena hakugomba. Tulipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Baba Khalid, nitapanda mara moja nyengine, kwa ajili ya watoto. Ikizima tena, unaiuza."

Nikakubali. Na wanaomjua Zuwena wanajua hakuwa anatania.

Basi safari hii nilianza mapema. Ijumaa nne mfululizo, asubuhi kabla ya sala. Nilikwenda madukani Ruwi nikanunua impela mpya ya pampu, yaani ile pangaboi ndogo inayosukuma maji, plagi, filta ya petroli na oili ya gia, nikavibadilisha vyote. Nikafungua beringi za trela nikazitia grisi. Nikabadilisha betri. Nikazijaribu jaketi za kuokolea moja moja, mbili zilikuwa zimepasuka nikazitupa. Kila nilichomaliza nikakitia alama kwenye daftari.

Ijumaa ya nne nikajaza tangi mpaka juu, nikaiteremsha mashine ndani ya pipa la maji, nikawasha. Ikaitika mara moja. Maji yanatoka vizuri, sauti safi. Dakika tano nikazima, kama wanavyofanya kwenye video. Nikaandika: Mashine, tayari.

Zuwena alikuwa amesimama mlangoni.

"Huko kwenye vihori vya majabalini unakotaka kutupeleka ni mwendo gani?"

"Kama nusu saa."

"Na hapa umeijaribu muda gani?"

"Dakika tano."

"Sasa hizo ishirini na tano zilobaki unakwenda kuzijaribia wanangu?"

Wakuu, nikalifungua daftari. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata mstari mmoja uliosema nusu saa.

Ijumaa iliyofuata nikaweka mpira wa maji ndani ya pipa ili maji yasipate moto, nikawasha, nikatazama saa. Jirani yangu Nasser akachungulia juu ya ukuta.

"Abu Khalid! Umeshafika Sohar?"

"Bado nipo uani."

"Basi nipungie mkono ukipita."

Dakika kumi, safi. Kumi na tano, safi. Dakika ya kumi na nane mashine ikakohoa mara mbili, ikazima.



Nikadhani filta mpya ni mbovu. Nikarudisha ya zamani. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima. Ndipo nilipoona kile kibofu cha mpira kwenye bomba la petroli, kinachominywa kwa mkono kusukumia petroli, kimenywea, bapa kabisa, kama kimefyonzwa. Nikafungua kifuniko cha tangi, na hewa ikaingia kwa nguvu, fyuuu. Nikawasha kifuniko kikiwa wazi, ikakata nusu saa bila tatizo.

Kwa wasiojua: tangi la petroli lina kitundu cha kupumulia. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa isipoingia, mashine inavuta mpaka inashindwa. Dakika tano huwezi kuliona hilo.

Nikaufuata mpira wa hewa unaotoka tangini mpaka kwenye tundu lake ubavuni mwa boti, nikachomeka waya. Ukatoka udongo mkavu, mgumu kama tofali. Nyigu walikuwa wamejenga mle ndani. Na aliyewapa kivuli kizuri cha kujengea ni mimi, kwa turubai langu. Kitundu hicho hakikuwamo kwenye daftari, kwa sababu sikujua kama kipo.

Sasa hapa ndipo pagumu.

Zuwena alikuwa jikoni, feni ya kutolea moshi inanguruma. Hakusikia kitu. Nilisimama na lile donge la udongo mkononi, na nakiri niliwaza: nimeshatengeneza, nani atajua?

Nikaingia ndani nikaliweka donge juu ya meza.

"Imezima," nikasema. "Dakika ya kumi na nane." Nikamweleza yote.

Akaligeuzageuza. "Na ingekuwa baharini?"

"Tungekuwa karibu na pale pale pa mwaka jana."

Akalirudisha donge mezani. Kisha akazima jiko, akachukua kiti cha plastiki, akaenda kukaa uani mbele ya pipa.

"Washa. Funga na hicho kifuniko chako. Mie nipo hapa."

Nusu saa ikatimia. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Umeambiwa na nani uzime? Kumi nyengine."

Jumamosi tukatoka. Bahari shwari, watoto wanaimba, Zuwena macho kwenye mashine tu. Tukaingia kwenye kihori, maji matulivu kati ya majabali, nikatia nanga, nikazima.

Akaruka. "Imezima?"

"Nimeizima mimi."

"Iwashe nione."

Nikawasha.

"Zima."

Nikazima.

"Washa tena."

Ikawaka. Akaisikiliza kidogo, akanipa ishara ya mkono nizime, kisha akafungua sufuria ya pilau akaanza kuwapakulia watoto.

Boti bado ninayo.

Nilichojifunza: jaribu chombo kwa muda ule ule utakaokitumia, au zaidi. Na orodha uliyoiandika mwenyewe haina usichokijua, kwa hiyo mpe aikague mtu asiyeipenda boti yako.

Wenye boti, jenereta au chochote kinacholala miezi mingi, nyinyi mlikuta nini ndani mlipokiamsha? Na kuna mtu anajua namna ya kuwazuia hawa nyigu bila ya kuziba hewa? Andikeni hapa chini, daftari ninalo mkononi.