Nyuki Mwenye Mabawa Matatu

Paskazia wa Kigwa alikuwa na ugomvi na kiti. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mikono miwili, kimeegemea ukuta kwenye baraza ya mafundi cherehani mjini Tabora, na aliyekitengeneza ni marehemu mumewe, Emilian, seremala. Alikitengeneza kiwe zawadi ya mashindano ya karata ya baraza ile. Masharti yalikuwa mepesi: mshindi wa mwaka anakikalia mwaka mzima, na anayeshinda miaka mitatu mfululizo anakichukua kinakuwa chake. Emilian alishindana miaka tisa, akashindwa miaka tisa, akafariki bila kukikalia hata siku moja. Watu walimwambia akikalie kidogo tu kukijaribu, akakataa katakata. Alisema atakikalia siku atakapokishinda.

Sasa Mustafa, fundi mkuu wa baraza, alikuwa amekishinda miaka miwili, na alikuwa ameshatangaza kwamba akishinda wa tatu atakikata mikono ili kiingie vizuri chini ya meza ya cherehani. Hakuwa na nia mbaya, maskini, mgongo ulikuwa unamsumbua. Lakini kwenye kila mkono wa kiti kile Emilian alichonga nyuki, na nyuki wa kushoto ana mabawa matatu. Siku anamchonga, Paskazia alimsimulia kisa cha kasisi aliyefukuzwa na bata, Emilian akacheka mpaka patasi ikamteleza. Badala ya kutupa ubao, aligeuza kosa lile kuwa bawa la tatu. Nyuki yule ndiye Mustafa aliyetaka kumpitishia msumeno.

Habari hiyo ililetwa na Mwanahawa, mke wa Mustafa mwenyewe, aliyekuja Kigwa kununua karanga.

"Shoga, njoo ucheze," alisema. "Mimi huyo mume wangu namjua. Akikichukua kile kiti hatanyanyuka tena mpaka kiama."

"Nicheze mimi? Mimi ni wa kutazama tu."

"Umetazama miaka tisa. Hata shule watu hawasomi miaka tisa darasa moja."

Na kweli alikuwa ametazama. Kila mwaka aliketi nyuma ya Emilian na kapu lake la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, akimwona anavyojimaliza. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Kila mmoja anapewa karata tatu, inafunuliwa ya saba kuonyesha turufu, na anayekula mara mbili katika hizo tatu ameshinda mkono. Unaruhusiwa kutupa karata yoyote unayotaka. Kubwa inakula ndogo ya aina yake, turufu inakula zote, na aliyekula ndiye anayetangulia kutupa inayofuata.

Tatizo ni nani anaanza. Pale barazani aliyekalia kiti huhesabiwa mwenyeji na mpinzani wake huhesabiwa mgeni, awe ametoka Kigwa au nyumba ya pili. Na mgeni, kwa adabu za watu wa Tabora, hukaribishwa kwanza. Kama vile huwezi kunawa na kumega ugali kabla ya mgeni wako, ndivyo ilivyo aibu kutupa karata kabla yake. "Karibu mgeni, tangulia," husema mwenyeji kwa sauti ya asali, kisha anakaa na karata zake kifuani, anaangalia umetupa nini, halafu anaamua. Hakuna heshima inayoumiza kama hiyo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuikataa.

Emilian alikuwa na bahati ya karata nzuri, na karata nzuri zilimharibia. Akishika ree, karata kubwa kuliko zote za aina yake, mikono inamwasha. Anaipiga mezani kwa kishindo mpaka vikombe vinaruka, na mwenyeji anaikata kwa kiturufu cha kuokoteza. "Ree haifichwi!" Emilian alikuwa akisema njia nzima wakirudi Kigwa, ameshindwa na bado anacheka. Paskazia alimpenda kwa hilo. Alimkasirikia pia kwa hilohilo.

Yeye mwenyewe hakuwa hivyo. Pale stesheni ya Kigwa treni ikisimama, wenzake hukimbilia madirisha ya kwanza na vikapu kichwani, wanapunguziwa bei mpaka wanataka kulia. Paskazia hujivuta taratibu kwa nyuma, kapu limefunikwa kitambaa kana kwamba ana vilivyobaki jana. Filimbi ikilia, abiria wanamwita wao. Ndipo anafunua kitambaa.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Wachezaji walikuwa kumi na wawili, na jua lilipoanza kulala walikuwa wamebaki Mustafa kwenye kiti na Paskazia kwenye kigoda. Mwamuzi alikuwa Mzee Shigela, mstaafu wa reli, Msukuma wa kutupwa, na kwa hiyo mtani wa Paskazia, Mnyamwezi.

"Shikamoo, Mzee Shigela."

"Marahaba. Karata siyo mizigo, mama. Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba pembe mpaka pwani, hapa pana kufikiri."

"Na nyie mlizoea kufuata mikia ya ng'ombe. Changanya karata, usije ukazihesabu kama ndama."

Baraza ikacheka, na Paskazia naye akacheka. Fainali ilikuwa mikono mitatu, anayeshinda miwili anachukua mwaka.

Mkono wa kwanza aliufuja. Alifunua karata akaona ree ya pau inamtazama, na kitu cha marehemu kikampanda mwilini. Mustafa akasema, "Karibu shemeji, mgeni tangulia," na Paskazia, baada ya miaka tisa ya kutikisa kichwa nyuma ya mumewe, akaipiga ree mezani mpaka vikombe vikaruka. Mustafa akaikata kwa tatu ya turufu, na mkono ukawa wake. Mwanahawa, aliyekuwa anamimina kahawa, akaweka birika chini na kujishika kiuno.

"Shoga! Umekuja kucheza au umekuja kumwigiza marehemu?"

Paskazia aliona aibu, kisha akaona uchungu, kwa sababu kwa kitambo kile kishindo kilikuwa kishindo cha Emilian hasa. Mkono wa pili aliushinda kwa bahati tu, turufu zilimmiminikia mpaka Mustafa akacheka mwenyewe. Wakawa sare, mkono mmoja kwa mmoja.

Mkono wa mwisho, turufu ilikuwa shupaza. Paskazia alizifunua karata zake kidogokidogo. Alikuwa na ree ya kopa. Alikuwa na mzungu wa shupaza, yaani mfalme wa turufu mwenyewe. Ya tatu ilikuwa nne ya uru, takataka. Zilikuwa karata ambazo zingemsimamisha Emilian wima.

"Karibu shemeji," alisema Mustafa kwa upole, mikono yake juu ya nyuki wawili. "Mgeni tangulia."

Mkono wa Paskazia ulikuwa tayari kwenye ree. Akausimamisha. Akaanza kuzipima kama anavyopima madirisha ya treni. Nikitupa ree ataikata kwa kiturufu. Nikimtupa mfalme, atanitupia uchafu wake, turufu yake ibaki inaivizia ree. Karata zangu ni nzuri, nilipokaa ndipo pabaya. Basi bora kwanza nitoke nilipokaa. Akavuta nne ya uru, akaiweka mezani polepole, na bila kutaka akashusha pumzi.

Mustafa akatabasamu. Pumzi ile aliielewa kuwa ya mtu asiye na kitu. Akaila nne kwa mzungu wa uru, bei rahisi kabisa, bila kugusa turufu, akaivuta upande wake.

"Moja yangu," akasema.

"Moja yako, shemeji," alijibu Paskazia. "Na aliyekula anatangulia."

Mustafa aliinua mkono kutupa, mkono ukabaki hewani. Miaka miwili alikuwa amezoea kumwona mwenzake anafungua kwanza, na sasa, akihitaji karata moja tu, yeye ndiye aliyetakiwa kufungua mbele ya mwanamke aliyeficha zake kifuani. Alikuwa na sita ya kopa na tano ya shupaza. Alizitazama moja baada ya nyingine, akakuna ndevu. Hata fundi wa mwisho aliyekuwa anamalizia sare za shule akaondoa mguu kwenye cherehani.

Akatupa sita ya kopa.

Paskazia akailaza ree juu yake, taratibu, bila kishindo. Moja yake, moja ya Mustafa. Sasa zamu ya kutangulia ilikuwa yake tena, lakini Mustafa alibakiwa na karata moja na haikuwa na pa kujificha. Akamweka mfalme wa shupaza mezani. Mustafa akaitazama tano yake ya turufu kama mtu aliyekuja harusini siku imepita, akaiweka karibu na mfalme.

"Mama amekula," alisema Mzee Shigela. Kisha akasahau uamuzi na utani vyote akapiga kelele, "Amekula! Mnyamwezi amekula!"

Mwanahawa alipiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye maduka ya jirani. Mustafa akasimama akishika mgongo, akakifuta kiti kwa kipande cha kitambaa, mbele, nyuma na kwenye mikono.

"Kiti chako, shemeji," alisema. "Kaka Emilian angefurahi."

Paskazia akaketi. Kilimkaa sawasawa, kana kwamba aliyekitengeneza alimpima yeye. Kidole chake kikatafuta nyuki wa kushoto, kikahesabu bawa la kwanza, la pili, la tatu, na hapo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwanahawa alimpa kahawa, naye akainywa pamoja na machozi yake.

Basi la Kigwa lilikuwa bado saa nzima. Mustafa, mtu asiyejua kukaa bila karata, alivuta kigoda akaomba mkono mmoja wa kujifurahisha. Mzee Shigela akagawa. Mustafa akapanga zake vizuri, akazileta kifuani, akafungua mdomo kwa mazoea ya miaka miwili.

"Karibu shemeji, mge..."

Akakomea hapo. Akakitazama kigoda alichokalia, akamtazama Paskazia aliyeegemea mninga na mikono yake juu ya nyuki. Mafundi walianza kucheka mmoja mmoja.

Paskazia alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwinamia Mustafa kwa adabu zote alizofundishwa na wazazi wake.

"Karibu sana shemeji," alisema. "Mgeni tangulia."