Vidole Viwili na Filamu za Mama Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kazi ya wiki tatu. Mama Daktari wa kemia, aliyekodi nyumba Nyakunguru watu walipomiminika kufuata dhahabu, alinikabidhi kichupa cha maji yanayometameta. Nikakitikisa, kama dawa ya kikohozi.

“Mwita,” akasema taratibu, “hao walikuwa wamelala.”

“Kina nani, mama?”

Akacheka mpaka akakaa chini. Ndani mlikuwa na punje za kioo, ndogo kuliko vumbi la unga. Zikiachwa zitulie hujipanga zenyewe, safu juu ya safu, kama matofali. Kazi yetu ilikuwa kujua zimejipangaje. Mashine ilipitisha mwale wa eksirei, ukatawanyika na kuacha alama kwenye filamu: nukta zilizonyooka, maana yake punje zimejipanga; duara lenye ukungu, zimevurugika. Karasha ya kusaga mawe ikinguruma jirani, tulipata duara tu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini filamu nilizisoma.

Aliyeniumiza ni msimamizi wetu, Gibai. Namtaja. Mama aliposafiri, alileta mawe ya wachimbaji akidai mashine itaonyesha dhahabu. Haionyeshi. Mlango wa mashine ukifunguliwa mwale hukatika. Yeye akaibana swichi ya mlango kwa plasta, usikatike.

“Shika jiwe hapo, mura. Unaogopa taa?”

Nikashika, yeye akapiga picha. Baada ya siku chache vidole viwili vikababuka, hospitalini wakavikata.

Mama aliporudi akaita mkaguzi wa mionzi. Gibai akamwambia, “Plasta Mwita aliweka mwenyewe. Hajui kusoma, kibao cha hatari hakukielewa.” Ikikubalika hivyo, kazi sina, na kidonda najitibu.

Mama hakubishana. Akapanga filamu tatu mezani. “Mwita, msomee mgeni.”

“Hii punje zilitulia. Hii karasha ilikuwa inasaga. Hii nyeusi ni ya siku ya mawe, mlango ukiwa wazi.”

Mkaguzi akaigeuza ile ya tatu. Nyuma, kama ilivyokuwa desturi yetu, mpiga picha alikuwa ameweka saini: Gibai. Basi mashine aliiendesha yeye, mlango ukiwa wazi.

Alifukuzwa. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Mama alinibakiza kazini hadi yeye mwenyewe alipostaafu, nami nikastaafu naye; bosi mwingine nisingemzoea.

Kijana unayeshika mashine hizi, ukikuta swichi ya mlango imebanwa, toka nje kwanza. Shikamoo mkubwa wako utampa ukiwa huko huko nje.