Mimi Ndiye Niliyekunywa

Nilipohamia Korogwe kufundisha, nikitokea Kenya, watu walinionya habari za malaria na za joto. Habari za ukarimu wao hawakunieleza, na huo ndio ulioniachia uchungu.

Nilipanga chumba katika nyumba yenye ua mmoja. Tulipakana ukuta na fundi cherehani, Mzigua wa Mazingara kule Handeni, aliyeachwa na mumewe akabaki na binti wa miaka minane. Alikuwa Mwislamu, na pombe haigusi. Alinichukua kama ndugu. Nilipomsimulia kwamba nyumbani babu yangu alikuwa akitengeneza pombe ya muratina, na kwamba natamani kuonja pombe ya huku, alicheka.

"Mwalimu, pombe ya huku ni boha. Nina mteja wangu kule Vugiri, mlimani, anaipika. Jumamosi nampelekea gauni lake, twende wote."

Tulipanda mlima kwa bodaboda, tumebanana nyuma ya dereva. Mteja alikuwa mama mtu mzima wa Kishambaa. Tulimpa shikamoo, akaitika, akaniletea boha kwenye kikombe cha plastiki. Ni maji ya miwa yaliyochachuka. Kwanza utamu, kisha ukali unaopanda puani, mwishoni uchungu wa gome la mti. Nikasema inaishinda ya babu. Wazee waliokaa kwenye mabenchi walifurahi, wakaniongezea. Rafiki yangu alikunywa chai ya rangi huku akikaza mikono ya gauni.

Tuliporudi mjini giza lilikuwa limeingia. Kwenye baa moja ya barabara kuu singeli ilikuwa inapigwa, nami nilikuwa nimechangamka. Nikamwomba tuingie. Alisita.

"Mtoto yuko kwa mama mwenye nyumba," alisema. "Basi tukae kidogo."

Aliagiza soda ya tangawizi. Muziki ulipokolea aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akacheza. Nilimzoea akiwa ameinamia cherehani tangu asubuhi, macho kwenye uzi. Sikujua kama ana mwili ule. Watu walimpisha, na yeye alifumba macho, hamwoni mtu. Binamu yake mmoja alikuwa pale. Alimrekodi kwa simu, na mkono wa pili ameshika bia.

Siku chache baadaye video ilikuwa imeshazunguka Mazingara nzima, na kaka mkubwa wa rafiki yangu akaja. Nilimkuta ameketi uani, kofia imenyooka kichwani, hana haraka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu. Habari za ugenini?"

"Nzuri. Kaka, dada yako hakunywa. Mimi ndiye niliyekunywa."

"Tunajua. Wewe ni mgeni, hatuna neno na wewe."

"Na huyo aliyerekodi? Alikuwa na bia mkononi."

"Yule ni mwanamume," alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Alikuja kumchukua mtoto, ampeleke kwa ukoo wa baba yake, huko huko Mazingara. Rafiki yangu hakupiga kelele. Aliingia ndani akakunja sare za shule, akazipiga pasi kwanza, maana zilikuwa na makunyanzi. Mtoto aliuliza kama atarudi Jumapili.

Mwezi haukuisha, naye akarudi Mazingara ili awe karibu na mwanaye, cherehani imefungwa juu ya basi. Mama mwenye nyumba, yule yule aliyekubali kumlea mtoto jioni ile, aliniletea pilau usiku huo. "Pole, mwalimu," alisema. "Lakini na yeye alizidi." Shuleni walimu wa kiume walinialika kwenda kuonja pombe ya mnazi. Nilipokataa wakasema Mkenya anaringa.

Likizo ilipofika nilikwenda Mazingara. Kaka yake alinipokea kwa mikono miwili, akachinja kuku, akaniuliza habari za kwetu na bei ya mahindi. Binamu wa ile simu alikuwepo, akanivutia kiti. Rafiki yangu alileta maji ya kunawa, akaleta ugali, akaleta chai, na kila mara alirudi jikoni bila kukaa. Nguo za watu alikuwa hashoni tena. Kaka yake alisema wateja huleta maneno. Mtoto anaruhusiwa kuja siku za sikukuu.

Alinisindikiza hadi njia panda, nyuma yangu hatua chache. Nilimwambia nitarudi likizo nyingine, nitamletea vitambaa. Alitazama nyuma kuelekea nyumbani kabla ya kusema.

"Usije tena, mwalimu. Ukija, wanaanza upya kunisema."

Nilitaka kumshika mkono, lakini basi lilikuwa limeshasimama, na yeye alikuwa ameshageuka kurudi kuosha vyombo nilivyolia chakula.