Kasi Ikiwa Sifuri

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mwendo, kidato cha sita, huwa nimeshakasirika kabla sijaingia darasani. Wanafunzi wangu wa hapa Karagwe wanajua kukokotoa kuliko nilivyojua mimi. Wape fomula inayoonyesha kitu kiko wapi kila sekunde, watakupa kasi yake kabla hujafuta ubao. Kinachowashinda ni kusoma. Swali linasema kitu kilisimama kidogo: kilisimama lini, na baada ya hapo kilielekea wapi? Wao wanaiweka kasi sawa na sifuri, wanapata wakati, wanapigia jibu mistari miwili na kuanza soga. Nusu ya swali imebaki kwenye karatasi. Nawagombeza, halafu katikati ya kugomba naisikia sauti ya kaka yangu mdomoni mwangu, maneno yake yaleyale, na inabidi nigeukie ubao nijifanye naandika.

Yeye ndiye aliyenifundisha maswali hayo, nyumbani kwetu Songambele, likizo moja nikiwa kidato cha tano. Alikuwa amemaliza shule, na baba alipofariki alirudi kushika kahawa na migomba. Maswali yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza, sisi nyumbani tunasema Kinyambo, na mimi nilikuwa nalia kwa Kiswahili. Akaniambia, "Acha kulikokotoa. Litembee kwanza."

Njia yetu inapita mbele ya mlango. Kushoto inakwenda barabarani, kulia inakwenda kwenye makaburi ya ukoo. Akasema kizingiti ni sifuri, barabarani ni chanya, makaburini ni hasi. Mimi nilikaa kizingitini nikisoma swali kwa sauti, yeye akatembea kadiri swali lilivyosema, haraka, polepole, hadi alipofika kwenye mbuni mkubwa wa kahawa akasimama.

"Sasa?"

"Kasi ni sifuri. Umesimama."

"Ndiyo jibu lako?"

"Ndiyo."

Akageuka, akaanza kunijia huku anacheka. "Ungenizika natembea, wewe! Ukiona kasi ni sifuri usiweke kalamu chini. Uliza: sekunde inayofuata anaelekea wapi? Labda alipumzika tu, ataendelea mbele. Labda amegeuka, anarudi. Huwezi kujua kwa kumwona amesimama."

Siku nyingine alizunguka kibanja chote, yaani shamba letu la migomba na kahawa, mbele na nyuma, akarudi kuketi kizingitini, akaniuliza ametembea kiasi gani na yuko mbali kiasi gani. Nikamwambia umbali kutoka alipoanzia ni sifuri. Mama, aliyekuwa anamenya ndizi, akaguna. "Amenichakazia nyasi zangu zote, halafu mnasema hajaenda popote! Ndiyo shule hiyo?" Tulicheka sana siku ile.

Msimu mmoja wa kahawa akavuka kwenda Uganda kufuata wanunuzi. Alimtuma mtu atuambie amesimama kidogo huko, atarudi. Baada ya hapo, kimya. Ndugu walikwenda wakauliza polisi, hospitalini, sokoni, kwa watu wa kanisa. Hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyemwona akiwa amekufa.

Mama akaanza kumsikia. Kibanja chetu kimetandazwa nyasi na majani makavu ya migomba, na hakuna mguu unaopita humo bila kusema. Mchana kweupe tumekaa tunamenya, mama anainua uso na kusema, "Karibu." Hakuna mtu. Ningependa kusema ilikuwa uzee na huzuni, ila nami nilisikia. Hatua zilitoka upande wa barabara, zikafika karibu na ule mbuni, zikakoma. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikaa na kisu mkononi nikisubiri sekunde inayofuata.

Kwetu mtu aliyepotelea mbali huzikwa kwa mgomba. Linakatwa shina, linafungwa sanda, linalazwa kaburini badala yake, watu wanalia na kumaliza. Miaka ilipozidi kupita, baba mdogo alikuja na wazee wa ukoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mama yako anakusikiliza wewe. Mwambie akubali. Asiyezikwa hana pa kukaa, ndiyo maana anazunguka humu. Mwacheni shemeji yangu alale usingizi."

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Mama alikuwa amekonda, na kila jioni alipakua chakula cha mtu mmoja zaidi. Mama akanigeukia mbele ya wote.

"Wewe na kaka yako mlikuwa na maswali yenu. Haya, sema. Amesimama, au amefika mwisho?"

Maisha yangu yote sijaulizwa swali gumu kuliko hilo. "Mama," nikasema, "kwenye swali huwa tunapewa fomula. Hapa hatukupewa. Sijui."

"Hujui kama amekufa?" mama akauliza.

"Sijui."

Baba mdogo akanikata jicho. Mama akakunja kanga yake mapajani, kisha akasema, "Basi zikeni. Ila mgomba nitauchagua mwenyewe."

Nilimkasirikia. Nilitaka akatae, abishe, awafukuze, mimi nisiyekuwa na ubavu wa kufanya hivyo. Siku ya maziko alichukua panga na jembe akaingia migombani peke yake, akakataza mwanamume yeyote asimfuate. Alirudi amekumbatia shina dogo, tayari limefungwa shuka jeupe, miguu yake imejaa udongo. Mwinjilisti wetu alisema hawezi kuuombea mgomba, lakini atamwombea mama, akafanya hivyo kwa heshima. Kaburi halikuwa na kina, maana hakuna anayejichosha kuchimba kwa ajili ya mgomba. Nilitupa udongo wangu, nikalia hadi nikakaa chini. Mama hakulia.

Tangu siku ile hatua zilikoma. Watu wakasema mmeona? Mimi ule ukimya uliniogopesha kuliko hatua zenyewe.

Mvua zilipokwisha nilirudi likizo. Sikumkuta mama ndani. Nilimkuta makaburini akitandaza nyasi, na katikati ya kaburi la kaka yangu limetoka jani, bado limejikunja, limenyooka juu. Shina la kuzikia hukatwa juu ya ardhi, nalo huoza. Hili lilikuwa limeng'olewa pamoja na shina lake la chini na mizizi yake, likazikwa zima.

Baba mdogo alikuwa amefika kabla yangu. "Shemeji, umetuzikisha mche? Ukoo mzima tumelilia mche?"

Mama hakuacha kutandaza. "Mlitaka cha kuzika, nikawapa. Huyu mwenye shule alisema hajui. Nami sijui. Mtu asiyejua hakati mizizi."

"Sasa itakuwaje? Amezikwa au hajazikwa?"

Aliniuliza mimi, mwalimu. Nilipiga magoti nikachukua fungu la nyasi, nikaanza kumsaidia mama kuzunguka lile jani, na nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Ndipo nyasi kavu ziliposema, upande wa barabara. Hatua moja, nyingine, za mtu asiye na haraka, mpaka karibu na ule mbuni mkubwa. Zikakoma. Mama hakuinua uso.

Baba mdogo alivua kofia yake, akaugeukia mbuni.

"Karibu," akasema.