Mashine Katika Jiko la Mwanalima

Baba yake Sheikhan alikuwa mwunda mashua, na Sheikhan mwenyewe aliunda mashua pale Chovai mpaka watu walipoanza kutia injini vyomboni mwao. Tangu hapo kila shafti ya injini ikipinda, mwenye chombo huibeba mpaka Kismayu na kungoja zamu. Sheikhan aliona hiyo ni aibu kwa kisiwa chenye mafundi.

Mwaka ule ambao serikali ilikuwa ikiwafundisha watu wazima kuandika Kisomali, karakana moja ya bandarini Kismayu ilikuwa ikiondoa vyuma vyake vikuukuu. Sheikhan aliwahi kufanya kazi pale ujanani, chini ya fundi Mahmudi, na kwa msaada wake akapata mashine ya kukereza vyuma iliyoachwa na Wataliani. Ililetwa juu ya mashua mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu. Ilipofika Chovai, watu waliivuta kama wanavyopandisha chombo nchi kavu: magogo chini, kamba mabegani, mwimbishaji mbele.

Taabu ikawa ni pa kuiweka. Uwanja wote wa nyumba ulikuwa mchanga mtupu, na mashine ile ingezama kama nanga. Mahali pekee penye mwamba chini palikuwa jikoni.

"Niazime jiko lako," alimwambia mkewe, Mwanalima.

"Jiko nalo huazimwa, Baba Zakia?"

"Siku chache tu, nijenge msingi uani."

Mwanalima alitoa vyungu vyake kimoja kimoja. Ukuta ukabomolewa, mashine ikaingia. Yeye akawa anapika uani chini ya kipande cha tanga kuukuu, upepo ukimtilia mchanga kwenye wali. Mle ndani hakutia mguu tena, na msingi haukujengwa.

Injini ya kuizungusha mashine ilikawia kupatikana. Miezi ikapita, na hewa ya chumvi ikaanza kula chuma. Mahmudi alikuwa amemwambia walipoagana, "Grisi, Sheikhan. Kitu kingine usiipake." Lakini grisi iko Kismayu, na sifa iko mlangoni. Sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ndiyo aliyopaka baba yake kila ubao alioupigilia, na vyombo vyake vikaishi. Sheikhan akaona maneno ya Mahmudi ni ya watu wa mjini. Akaipaka mashine sifa juu mpaka chini, akafungua sanduku la gia, akajaza na humo. Mwanalima alikuwa uani akichochea moto. Alimwona, akaziba pua kwa ncha ya leso, akarudia moto wake.

Injini ilipofika, siku ya kuiwasha mashine, Sheikhan aliwaita watu kama wanavyoitwa chombo kikishushwa majini. Fatiha ikasomwa, halwa ikapita. Injini ikanguruma, mkanda ukalia, ukatoa moshi, ukachomoka. Mashine haikutikisika.

"Shemeji," alisema Khamis, kaka yake Mwanalima, mwenye ulimi mwepesi, "umetuvutisha ngamia aliyekwisha kufa?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sheikhan alihisi masikio yakiwaka moto, na mdomo ukamtangulia.

"Hamwajui wanawake? Dada yako huosha samaki humu ndani. Maji ya chumvi yameingia kwenye gia."

Mwanalima alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Akaliweka chini polepole, kikombe kisilie, akarudi uani.

Asubuhi yake Sheikhan alifungua sanduku la gia. Maji hayakuwamo. Sifa ilikuwa imeganda, njano na nzito kama ulimbo, meno yote ya gia yameshikana. Alikaa kitako sakafuni, mkono mmoja umenata ndani. Harufu ile aliijua tangu utotoni. Kisha akaanza kuikwangua na kuiosha kwa mafuta ya taa, mlango ameufunga, mtu asije akaona ni nini kinachotoka.

Huko kisimani maneno yalikuwa yameshafika. "Mama Zakia, usiguse ndoo yangu, nayo ikafa," walimtania wanawake. Sheikhan alikuwa akipita njia. Alisikia vicheko, akageuza uso ukutani kama mgeni. Jioni alimfuata mkewe penye moto.

"Ile mashine... ni sifa niliyotia."

"Najua. Nilikuona ukitia."

"Basi mbona hukusema?"

"Niseme, nikuvue nguo mbele ya wachu?" Akapuliza moto. "Tunaojua ni sisi wawili. Wasiojua ni Chovai nzima."

Siku zilizofuata Sheikhan alikula akiangalia sahani, na kila alipoinuka kwenda barazani kwa wenzake akajiambia leo nitasema, akarudi hajasema.

Gia ziliposafika alizitia grisi aliyoagiza kwa Mahmudi, na mashine ikazunguka. Khamis akaleta shafti ya mashua yake, na wanaume wakajazana tena kwenye ule ukuta uliobomolewa. Chuma kikawa kinachubuka kama ganda la muwa. "Mashallah!" walisema. Sheikhan akaona raha, akajionea haya kwa raha ile.

"Sasa mfungie mlango dada yangu," Khamis alipaza sauti ashinde injini, "asije akaiogesha tena!"

Wakacheka. Sheikhan naye alikuwa ameanza kutoa meno. Kupitia tundu la ukuta akamwona Mwanalima uani, ameinama, anasonga ugali, hakugeuka.

Akazima injini, maana alijua asipoizima hatasikika, na asiposikika atajiambia amekwisha kusema.

"Hakuosha samaki humu," alisema. "Wala hajaingia tangu nimtoe. Ni mimi nilitia sifa kwenye gia. Nilikatazwa, nikatia. Kisha nikamsingizia."

Khamis aliangalia miguu yake. Mzee mmoja alikohoa, na Sheikhan akaona heri wangemcheka.

Mwanalima aliendelea kusonga ugali wake.

"Washa mashine yako," alisema kutoka uani, bila kuinua uso. "Wachu wanangoja. Ikisha shafti ya kaka yangu, wabaki hao hao wachimbe msingi. Jiko langu nalitaka."

Sheikhan akashika mkono wa injini. Ulimteleza mara mbili kwa jasho kabla injini haijawaka.