Ng'ombe Aliyekanwa kwa Kiingereza

Ulimi wangu hauna breki, na Vénantie analijua hilo. Ndiyo maana aliniomba nisiyaseme haya kanisani, nami nikamwahidi kwamba kanisani sitayasema. Hapa si kanisani.

Vénantie Umulisa ni jirani yangu huku juu Masisi, mashariki ya Kongo, kwenye vilima vya malisho ambako ukungu hauondoki mpaka watu wamekwisha kunywa chai. Ni mjane. Ana ng'ombe wachache wa ukoo wao, na tangu usichana wake kazi yake ni maziwa: anakamua alfajiri, anajaza bidon, yaani madumu, anateremka nazo sokoni, anapanda nazo tupu. Shule aliiacha darasa la sita kwa sababu nyumbani alitakiwa mtu wa kuchunga. Lakini kichwa alichonacho yule mama! Mtu akipita kwetu na lugha mpya asubuhi, jioni Vénantie anayo nusu.

Basi Albert Bayingana alipofungua klabu ya Kiingereza katika darasa moja la parokia, kila Jumamosi baada ya soko, Vénantie alikuwa wa kwanza kukaa benchi la mbele, bado ananukia maziwa. Mimi nilikwenda kwa kumfuata yeye, sina haja ya kujisifu. Albert alisomea Uganda, familia yake ilipokimbilia huko, akarudi na Kiingereza laini kama cha redio. Alitufundisha kwa kitabu kilichopigwa fotokopi mpaka picha zikawa madoa meusi. Kilikuwa na mada tatu, masomo, safari na viumbe wa asili, na chini ya kila mada maswali ya kuulizana wawili wawili.

Maswali yenyewe yalikuwa kichekesho. Kwenye mada ya safari, kitabu kinauliza unapakia nini ndani ya sanduku kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Vénantie akasimama, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye anapakia fimbo, bidon na rozari, na sanduku lake ni kichwa chake. Tulicheka mpaka padre akachungulia dirishani. Siku nyingine tulijifunza neno "never", yaani kamwe, hata siku moja, na Albert akataka kila mtu atunge sentensi. Rukundo, anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, barabarani, akasema yeye kamwe hajampiga mke wake. Mke wake alikuwa amekaa hapohapo. Akamgeukia polepole, akamwuliza, "Never?" Darasa likavunjika mbavu, na tangu siku hiyo neno hilo hakuna aliyelisahau.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana bila hiyo hamtajua hasira zangu zinatoka wapi.

Miaka kadhaa kabla ya klabu, Albert aliporudi kutoka Uganda na mkewe Claudette na mtoto mchanga, alikuta zizi la baba yake limebaki nyasi. Vita ilikwisha kuondoka na ng'ombe wote. Vénantie hakuombwa na mtu. Alimchukua mtamba wake mmoja wa rangi ya kahawia, jina lake Gaju, akampelekea Albert mbele ya majirani. Kwetu sisi wafugaji ng'ombe wa namna hiyo hauzwi na halipiwi. Aliyetoa na aliyepewa wanakuwa watu wa nyumba moja. Na aliyepewa akitaka kuapa, anaapa kwa jina la aliyempa: "Yampaye inka Vénantie!" Maana yake, Vénantie ndiye aliyenipa ng'ombe, na sitasema uongo juu ya jina hilo.

Albert aliapa hivyo kila saa. Akijikwaa, Vénantie. Mvua ikimshtukiza, Vénantie. Mpaka tukawa tunamtania kwamba jina la mke wake atalisahau. Yeye anacheka tu, na Vénantie anainamisha uso kwa haya, lakini moyoni anafurahi, nilikuwa namwona. Kuna sharti moja tu kwa mtoaji: anaweza kuitaja zawadi kwa furaha, lakini akishaidai, akisema nilikupa ng'ombe kwa hiyo nifanyie hivi, ameiharibu mwenyewe, na watu watamwona kama anaomba arudishiwe.

Mwaka jana wakaja wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wachunguzi wa ndege wa msituni. Walitaka kuteremka kutoka kwetu hadi Walikale, wapite Kibua, kisha waendelee mpaka Pinga kwa pikipiki. Albert walimchukua awe kiongozi na mkalimani wao. Wakasema pia wanataka mkalimani mwanamke, kwa kuwa kule vijijini wanawake ndio wanaoingia msituni kutafuta kuni, ndio wanaojua viota viko wapi, na hawatakaa kuzungumza na wanaume wasiowajua. Atakayefanya vizuri ataendelea na kazi hiyo kila wakirudi.

Vénantie aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Maisha yake yote alikuwa ameuona msitu wa Walikale kutoka juu, kitu cheusi kule mbali. Tulikuwa tunapanda kilima pamoja aliponiambia:

"Mama Nishimwe, toka niko mutoto minateremukaka na maziwa, minapandaka na bidon mutupu. Mara moja tu nataka nifike fasi kwenye batu bananingojea juu ya kile niko najua."

"Utafika," nikamwambia. "Ni nani mwingine mwenye anasema Kingereza sawa weye? Ni miye?"

Akacheka. Kiingereza changu alikuwa anakijua.

Siku ya majaribio tuliingia katika lile darasa letu, wageni wamekaa kwenye meza ya mwalimu, Albert kando yao amevaa koti. Kwanza bibi yule mgeni alitoa onyo: nafasi hii hainunuliwi, na ikijulikana kuna aliyetoa kitu ili aipate, mtoaji na mpokeaji wote wanaondolewa. Albert mwenyewe ndiye aliyetutafsiria. Kisha kila mwanamke achague mada moja kati ya zile tatu na aizungumzie.

Noëlla, binti anayefundisha chekechea, alitangulia. Alichagua masomo, akatetemeka mwanzo hadi mwisho, lakini akamaliza. Halafu akasimama Vénantie, akachagua viumbe wa asili, akazungumzia ng'ombe. Sikuyashika yote, ila niliona bibi yule akiweka kalamu chini. Alieleza jinsi ng'ombe anavyojua mvua kabla ya mtu, majani yapi anayakwepa, namna anavyomtambua anayemkamua kwa kikohozi chake. Wageni walikuwa wakitabasamu. Mimi nilikwisha kumwona rafiki yangu juu ya pikipiki, anaelekea Pinga.

Na hapo furaha ikamzidi. Akamwangalia Albert, akamwonyesha kwa mkono wazi, kwa heshima, akasema mwalimu wake ana ng'ombe wake. Kwamba yeye ndiye aliyempa. Kwamba mwalimu alifurahi sana, na sasa anataja jina lake kila siku.

Kwa lugha yetu, hayo ni maneno ya kumpamba mtu. Ni kusema, mnamwona huyu? Huyu ni ndugu yangu, msiwe na wasiwasi naye. Kwa Kiingereza yalitoka rushwa tupu.

Bibi yule akaacha kutabasamu. Akamgeukia Albert, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Nami nilikaa nimetulia kabisa, nikijua Albert anazo lugha zote mbili, atawaeleza desturi yetu, atawaambia ng'ombe alitolewa kabla klabu haijawa hata ndoto. Ilikuwa kazi ya sentensi mbili.

Albert alijibu haraka haraka, kwa macho makavu. Mimi nilidaka "cow", nikadaka "never", mengine yakanipita. Kisha akaongeza maneno machache huku anatabasamu kidogo, kama mtu anayemwombea radhi mtoto. Mgeni mwanamume akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Vénantie alikuwa bado amesimama. Mkono ule aliomwonyeshea Albert ulikuwa bado hewani, akaushusha polepole, akakaa. Wakamshukuru. Baadaye kidogo wakatangaza kwamba wanamchukua Noëlla.

Nje, nyuma ya ukuta wa parokia, nikamshika bega.

"Amesema nini?"

Alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa, anafungua, anafunga tena.

"Alisema hajapataka ngombe yoyote kwa huyu mwanamuke. Never. Kiisha akasema banisamehe, Kingereza yangu ingali kidogo, minachanganyaka mambo."

"Huyu mwanamuke?"

"Njo vile. Hata jina yangu hakuitaja."

Nasema wazi, damu ilinichemka. Nilitaka nirudi ndani nimvue lile koti mbele ya wageni wake, Kiingereza au bila Kiingereza. Vénantie alining'ang'ania kitenge.

"Wacha, dada. Nikisema kama nilimupa, batu batasema naomba ngombe yangu. Nikisema sikumupa, ni miye mwenye kuwa mwongo. Nitasimama wapi?"

Tulipanda kilima, na kila tuliyekutana naye aliuliza mambo yamekwendaje, kwa maana mtaa mzima ulijua. Vénantie aliwajibu wote kwamba wamepata mtu mwingine. Alilia alipofika kwa ng'ombe wake, paji la uso kwenye ubavu wa mmoja wao, na mimi nilikaa naye mpaka alipomaliza.

Albert alikwenda Walikale. Naye Claudette, mkewe, alikuwa hajui lolote, kwa sababu mumewe alimwambia Vénantie alishindwa tu. Basi tulikutana naye kwenye maji, tunangoja zamu ya kujaza madumu, nikamweleza yote, na sijutii hata neno moja. Yule mama aliondoka dumu lake likiwa nusu.

Nikasikia kwa wengine kwamba Claudette ameacha kumkamua Gaju. Albert alipotoka safari, amechomwa na jua na ana hadithi za Pinga na za tope la njiani, alimkuta mkewe amekaa mlangoni, hataki kumsikiliza. Kesho yake mchana nikawaona wanapanda kwa Vénantie, Albert mbele na kamba, Gaju na ndama wake katikati, Claudette nyuma. Nikaacha mboga zangu na kwenda. Siwezi kusema nilipita tu.

Vénantie alikuwa anasuuza bidon uani. Hakuinuka.

"Mama Vénantie," Albert akaanza, "nilikamatwa na woga. Bangetufukuza siye wote mbili, na klabu ingekufa. Ile ilikuwa maneno ya mudomo tu. Nakurudishia Gaju na mutoto yake. Unisamehe."

"Gaju ni nani?"

"Ni ngombe yako."

"Siwezi kupokea kitu yenye sikutoaka, Mwalimu. Ulisema mbele ya bageni, na bageni baliandika."

Claudette alianza kulia. "Mama, juu ya Mungu, umukamate tu. Miye siwezi tena kumukamua. Batoto banaomba maziwa, mikono yangu inakataa."

"Claudette, sina neno na weye. Maziwa upatie batoto, batoto habakukosa kitu. Lakini hapa kwangu hii ngombe haitaingia."

Albert alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Alitaka kuapa kwamba anajuta, na kwa mazoea mdomo ukafunguka wenyewe. "Yampaye inka..." Akafika hapo, akakwama. Jina lililotakiwa kufuata lilikuwa la yule mama aliyekaa mbele yake na bidon mapajani, na sisi wanawake watatu tulilingoja, naye hakuweza kulitamka. Nilimwonea aibu, na mimi nilikuwa nimekuja kumchukia.

"Nilizani hautasikia," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilisema mbiyo mbiyo, ili usisikie."

Sasa Vénantie aliinua uso. Niliogopa atapiga kelele, lakini alimtazama kwa huzuni, macho yamejaa.

"Nilisikia yote, Albert, neno kwa neno, sababu weye njo ulinifundisha. Kama ulinifundishaka mubaya, leo ningekuwa bado nakuita ndugu yangu."